Nyumba Yenye Joto na Hewa Salama: Mwongozo wa Kupasha Joto Makazi Msimu wa Baridi

Miezi ya Juni, Julai na Agosti ni miezi ya baridi kali katika nyanda za juu za Makete. Kwenye uwanda wa Kitulo, ulioko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, alfajiri nyingine umande huganda juu ya majani, na katika vijiji vya miinukoni wakazi huamka wakiwa na vidole vilivyokufa ganzi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kuwa joto la ndani ya nyumba wakati wa baridi lisipungue nyuzi joto 18 za Selsiasi. Nyumba nyingi za matofali zilizoezekwa kwa bati bila dari haziwezi kufikia kiwango hicho usiku bila msaada wa moto au umeme.

Kila kaya hutafuta namna yake ya kujikinga. Wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani, wapo wanaokota moto jikoni hadi usiku wa manane, na wapo walionunua hita za umeme na baadaye kushangaa jinsi uniti za LUKU zinavyokwisha. Makala haya yanaeleza namna ya kuipasha nyumba joto kwa usalama na kwa gharama ndogo. Jambo la kuzingatia tangu mwanzo ni mpangilio wa hatua: kwanza kuondoa moto usio na bomba la moshi katika vyumba vya kulala, pili kuziba mianya inayopitisha baridi, na tatu kuchagua chanzo cha joto na kukirekebisha. Kaya ikianza na hatua ya pili kabla ya ile ya kwanza, inaweza kupoteza uhai wa watu wake.

Sumu isiyoonekana wala kunusika

Mkaa unapoungua bila kupata hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu na haiwashi macho wala koo. Watu wengi huamini kwamba mkaa ukishawaka vizuri na moshi ukakoma, hatari imekwisha. Imani hiyo si sahihi. Moshi ndio unaokoma, lakini gesi huendelea kutoka kwenye makaa mekundu, na huendelea kutoka hata makaa yanapoanza kufunikwa na majivu.

Gesi hiyo ikivutwa huingia katika damu na kujishikiza kwenye chembe nyekundu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Matokeo yake ni kwamba mwili hukosa oksijeni ingawa mtu anaendelea kupumua. Dalili za mwanzo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea. Aliyelala hapati nafasi ya kuzitambua dalili hizo, kwa kuwa usingizi hugeuka kuwa kupoteza fahamu. Uzito wa gesi hii unakaribiana na wa hewa ya kawaida, hivyo huenea chumba kizima. Anayelala kitandani na anayelala kwenye mkeka wote wamo hatarini kwa kiwango kimoja.

Ishara moja ya kuitilia maanani ni watu wawili au zaidi wa nyumba moja kuumwa kichwa kwa wakati mmoja, kisha kupata nafuu wanapotoka nje. Hali hiyo ikitokea, milango na madirisha yafunguliwe, watu wote watolewe nje, na jiko litolewe baada ya watu kuwa salama. Aliyepoteza fahamu apelekwe haraka katika kituo cha kutolea huduma za afya ambako anaweza kupewa oksijeni. Kumnywesha maziwa hakuondoi gesi hii katika damu, na kumnywesha chochote mtu asiye na fahamu kunaweza kumpalia na kumuua.

Kwa sababu hizo, jiko la mkaa halifai kuwekwa katika chumba cha kulala hata kwa muda mfupi, na dirisha lililoachwa wazi kidogo si kinga ya kutosha. Vivyo hivyo, jenereta haipaswi kuwashwa ndani ya nyumba wala barazani karibu na dirisha.

Joto linapotea wapi?

Hewa yenye joto ni nyepesi, hivyo hupanda juu. Katika nyumba isiyo na dari, joto lote hukusanyika chini ya bati, na bati hulipitisha nje kwa haraka. Juu ya ukuta, mahali unapokutana na paa, mara nyingi huachwa uwazi ambao hupitisha upepo usiku kucha. Moto unaokokwa katika nyumba ya namna hiyo ni sawa na maji yanayotiwa katika ndoo iliyotoboka.

Kazi yenye manufaa makubwa kuliko zote ni kuweka dari, angalau katika chumba kimoja. Mbao nyembamba, bodi za dari au jasi hutenganisha chumba na bati na kuacha katikati hewa iliyotulia, ambayo haipitishi joto kwa urahisi. Kaya isiyoweza kuweka dari katika nyumba nzima inashauriwa kuchagua chumba kimoja kidogo ambamo watoto na wazee watalala, ikianza na hicho. Mikeka ya mianzi inaweza kutumika kama dari, lakini isiwekwe kamwe juu ya chumba chenye moto, kwa kuwa hushika moto kwa urahisi.

Baada ya dari, hufuata milango na madirisha. Mwanya wa sentimita moja chini ya mlango unatosha kukipoza chumba usiku mzima. Ili kuitambua mianya, mkazi anaweza kuchukua ukanda mwembamba wa karatasi na kuupitisha taratibu kando ya fremu za mlango na dirisha jioni yenye upepo. Mahali karatasi inapotikisika ndipo baridi inapoingilia. Nyufa za fremu huzibwa kwa udongo, saruji au silikoni. Sehemu ya chini ya mlango huzibwa kwa mfuko mrefu wa kitambaa uliojazwa mchanga au vumbi la mbao. Madirisha ya luva hayafungi kikamilifu, hivyo pazia zito linalofika chini ya kizingiti cha dirisha husaidia sana. Sakafu ya saruji ifunikwe kwa mkeka, na juu yake zulia au blanketi la zamani.

Hapa tahadhari iliyotangulia inapaswa kurudiwa. Chumba kilichozibwa vizuri huhifadhi joto, na huhifadhi gesi ya mkaa vilevile. Jiko ambalo mwaka jana halikuleta madhara katika chumba chenye mianya mingi linaweza kuua mwaka huu katika chumba hicho hicho kilichozibwa. Aidha, matundu ya hewa yaliyojengwa kwa makusudi jikoni, au katika chumba chochote chenye moto, yasizibwe. Panapozibwa ni kwenye nyufa na mianya ya vyumba visivyo na moto.

Jiko la kuni lenye bomba la moshi

Kwa kaya nyingi kuni bado ni chanzo kikuu cha joto. Tofauti ya moto salama na moto wa hatari ni bomba la moshi. Jiko lililojengwa kwa matofali na udongo, lenye chumba cha moto kilichofungwa na bomba linalotoka nje, hutoa moshi na gesi nje ya nyumba. Matofali yake nayo huhifadhi joto na kuendelea kulitoa kwa saa kadhaa baada ya moto kuzimika.

Ili jiko hilo lifanye kazi ipasavyo, bomba linapaswa kunyooka kwenda juu likiwa na kona chache iwezekanavyo. Lipite juu ya paa kwa angalau sentimita 60 kuliko sehemu ya paa iliyo karibu nalo, ili upepo usirudishe moshi ndani. Mahali linapopita karibu na mbao za kenchi, pawekwe nafasi ya kutosha na kizuizi cha bati au udongo, kwa sababu mbao zinazopata joto siku hadi siku hukauka na hatimaye huwaka. Masizi yasafishwe kila mwanzo wa msimu wa baridi na tena katikati ya msimu. Masizi mengi hupunguza njia ya moshi, na yakishika moto ndani ya bomba yanaweza kuunguza paa.

Ubora wa kuni ni nusu ya kazi. Mti uliokatwa karibuni unaweza kuwa na maji yanayokaribia nusu ya uzito wake. Kuni hizo zikitiwa motoni, sehemu kubwa ya joto hutumika kuyachemsha maji hayo, na kinachobaki ni moshi. Kuni za mikaratusi, miwati au misindano zinapaswa kupasuliwa, kupangwa mahali penye paa na upepo, na kuachwa zikauke kwa miezi sita hadi 12. Anayetaka kuni kavu mwezi Juni anapaswa kuzipasua kabla ya mwezi Desemba. Kuni iliyokauka huwa nyepesi, huwa na nyufa kwenye ncha zake, na hutoa mlio mkali inapogonganishwa na nyingine. Vipande vyenye unene wa kifundo cha mkono huwaka vizuri kuliko gogo zima. Ikiwa bomba linaendelea kutoa moshi mzito dakika 20 baada ya moto kukolea, ama kuni ni mbichi ama tundu la kuingizia hewa limezibwa.

Hita ya umeme na hesabu ya uniti

Hita ya umeme haitoi gesi wala moshi, lakini inahitaji hesabu. Uniti moja ya umeme ni kilowati moja iliyotumika kwa saa moja. Hita ya wati 2,000, yaani kilowati mbili, ikiwashwa saa nne kila jioni hutumia uniti nane kwa siku na uniti 240 kwa mwezi. Ikumbukwe kwamba kundi la watumiaji wadogo wa majumbani linalotozwa bei nafuu ni la wale ambao matumizi yao hayazidi uniti 75 kwa mwezi. Hita hiyo peke yake huvuka kiwango hicho kabla ya siku ya kumi kuisha.

Hita zote za kawaida, ziwe za feni, za mafuta au za nyaya zinazong'aa, hubadilisha uniti moja ya umeme kuwa uniti moja ya joto. Hakuna iliyo na muujiza, hata kama tangazo dukani linadai vinginevyo. Tofauti yake ni namna zinavyosambaza joto. Ile yenye nyaya zinazong'aa humpasha aliyekaa mbele yake bila kungoja chumba kizima kipate joto, hivyo inafaa kwa muda mfupi. Ile ya mafuta huchelewa kupata joto lakini hulihifadhi kwa muda baada ya kuzimwa.

Hita ichomekwe moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, isiunganishwe kupitia ekstensheni nyembamba ambayo waya wake hupata moto. Iwekwe umbali wa mita moja kutoka kwenye pazia, kitanda na nguo, na isitumike kukaushia nguo. Jiko la umeme la kupikia lenye koili wazi halikutengenezwa kwa ajili ya kupasha chumba joto, na halifai kuachwa likiwaka wakati watu wamelala.

Kiyoyozi kinachopasha joto

Kipo kifaa cha umeme kinachotoa joto zaidi ya umeme kinaotumia. Nacho ni kiyoyozi chenye uwezo wa kufanya kazi pande mbili, yaani kupoza na kupasha joto, ambacho kwa lugha ya mafundi huitwa pampu ya joto. Kanuni yake ni ile ile ya jokofu. Anayeweka mkono nyuma ya jokofu huhisi joto, na joto hilo ndilo lililoondolewa kwenye vyakula vilivyomo ndani. Pampu ya joto hufanya hivyo kwa nyumba: huchota joto lililomo katika hewa ya nje, ambalo lipo hata hewa hiyo ikiwa baridi, na kulihamishia ndani. Umeme hutumika kulihamisha joto, hautumiki kulizalisha. Ndiyo maana kifaa kizuri, wakati joto la nje ni nyuzi saba, huweza kutoa uniti tatu za joto au zaidi kwa uniti moja ya umeme. Kadiri baridi ya nje inavyozidi, ndivyo faida hiyo inavyopungua.

Tukirudi kwenye hesabu ya awali, kazi iliyokula uniti nane kwa siku kwa hita ya kawaida huweza kufanywa kwa takriban uniti 2.7, sawa na uniti 80 kwa mwezi. Chumba kilichowekewa dari na kuzibwa mianya kikihitaji nusu tu ya joto hilo, matumizi hushuka hadi karibu uniti 40. Hii ndiyo sababu ya kutengeneza chumba kwanza, kisha kununua kifaa. Kifaa kidogo katika chumba kilichozibwa hushinda kifaa kikubwa katika chumba chenye mianya.

Anayekusudia kununua ahakikishe kuwa rimoti ina alama ya jua, kwa kuwa viyoyozi vingine hupoza tu. Aulize pia kama ni cha aina ya inveta, ambayo hupunguza kasi yake chumba kinapofikia joto linalotakiwa badala ya kujizima na kujiwasha mara kwa mara. Bei ya kununua na kufunga si ndogo, hivyo ni vyema kaya ikalinganisha gharama hiyo na uniti itakazookoa kwa msimu.

Kifaa kilichokwisha kufungwa kinaweza kufanya kazi vizuri au vibaya kutegemea kinavyorekebishwa. Mambo yafuatayo yanashauriwa:

Kwanza, joto liwekwe kati ya nyuzi 18 na 20 na kuachwa hapo. Kuweka nyuzi 30 hakuharakishi chumba kupata joto kwa kiasi cha maana. Hukifanya kifaa kiendelee kusukuma joto kupita mahitaji na kutumia umeme mwingi.

Pili, kifaa cha inveta kiwashwe mapema jioni kifanye kazi taratibu, kuliko kungoja chumba kipoe kabisa na kisha kukitaka kifanye kazi kwa nguvu zote usiku.

Tatu, vibao vya kuelekeza hewa vielekezwe chini. Hewa yenye joto hupanda yenyewe, hivyo ikielekezwa juu hubaki darini na kuwaacha watu wakiwa na baridi.

Nne, vichujio vya ndani vitolewe na kuoshwa kwa maji kila baada ya wiki mbili hadi nne, vikaushwe kivulini, kisha virudishwe. Vumbi la barabarani huviziba haraka, na kichujio kilichoziba huongeza matumizi ya umeme.

Tano, sehemu ya nje ya kifaa iachiwe nafasi pande zote, isizungushiwe kuni, magunia wala majani, na iinuliwe juu ya ardhi.

Sita, asubuhi za baridi kali sehemu ya nje huweza kugandiwa na barafu. Kifaa husimama kupuliza joto kwa dakika chache, hutoa mvuke na kudondosha maji. Huo si ubovu. Kinayeyusha barafu na kitaendelea chenyewe. Kisizimwe, na barafu isigongwe kwa kitu kigumu.

Ufungaji wa kifaa hiki ufanywe na fundi mwenye leseni, kikiwa na njia yake ya umeme, swichi ya kujikata na waya wa ardhini.

Kupima ili kurekebisha

Marekebisho mazuri hutokana na vipimo. Kipimajoto cha kawaida kitundikwe kwenye ukuta wa ndani, mbali na hita na dirisha, kwa urefu wa kifua cha mtu mzima. Jioni, mkazi aandike katika daftari kiwango cha joto na uniti zilizosalia kwenye mita, na asubuhi aandike tena. Baada ya siku saba afanye badiliko moja tu, kwa mfano kuziba sehemu ya chini ya mlango, kisha aandike kwa siku saba nyingine. Akibadilisha mambo matatu kwa pamoja hatajua ni lipi lililoleta nafuu. Kwa njia hii kaya hutambua inachokipata kwa kila shilingi inayotumia.

Watoto wachanga na wazee

Mtoto mchanga hupoteza joto haraka. Kinga iliyo bora kwake ni kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, akiwa amevalishwa kofia na soksi na kufunikwa pamoja na mama yake. Chupa za maji ya moto zisiwekwe kwenye kitanda cha mtoto mchanga. Kwa watu wazima, mpira wa maji ya moto uliofungwa kwa kitambaa na kuwekwa miguuni dakika 20 kabla ya kulala hupasha kitanda kwa gharama ya kuchemsha maji lita moja au mbili tu. Wazee waishio peke yao watembelewe na majirani asubuhi na jioni katika siku za baridi kali.

Huduma zilizopo

Wananchi wanakumbushwa kuwa Afisa Afya wa Kata na wahudumu wa afya ngazi ya jamii hutoa elimu ya hewa safi majumbani, na wanaweza kuombwa kufika kwenye mikutano ya vitongoji. Serikali inatekeleza Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Maelezo zaidi hupatikana katika ofisi ya Mtendaji wa Kata. Panapotokea moto, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipigiwe simu namba 114, bila malipo. Anayehisi dalili za sumu ya mkaa asisubiri kupambazuke. Aende au apelekwe katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu usiku huo huo.